Hesabu vichwa kwanza, keki baadaye

Kila Idd ya kuchinja ikikaribia, dada zangu huniuliza swali lile lile, na kila mwaka huliuliza kama vile limezaliwa jana: "Sasa mwaka huu si tuagize tu keki?" Hatuagizi. Tunapika wenyewe, za trei, bapa, kahawia juu na manjano ndani, bila maua na bila jina la mtu juu yake.

Kwetu ni Muheza. Siku hiyo ndiyo ukoo mzima unapokutana. Wa Dar wanapanda basi alfajiri, wakifika Segera wanakata kulia. Wa Tanga mjini wanajibanza kwenye kosta. Wale wawili watatu wa Arusha wanashuka na masweta yao, na wanaanza kuyavua kabla hawajamaliza kutoa shikamoo. Mwaka jana tulikuwa 118, ukihesabu na waliobebwa mgongoni. Pilau ina wenyewe, siiingilii. Mimi nimekabidhiwa chai ya saa kumi, na chai ya saa kumi kwetu ikikosa keki ni maji ya moto tu.

Msimamo wangu ni huu, na nausema huku nikijua nina wapwa wanaopika keki za kuuza: shughuli ya watu wengi inataka keki ya trei. Keki ya ghorofa ni ya watu ishirini waliokaa meza ya mbele.

Nililiona hilo kwa macho kwenye sendofu moja Dar. Keki ilikuwa ya ghorofa tano, nyeupe, maua yanateremka mpaka chini, na ilikuja na gari lake peke yake. MC akatuinua, tukapiga vigelegele, binti akalishwa, akawalisha wazazi, akawalisha wakwe, akamlisha na mwenyekiti wa kamati. Kisha keki ikaondolewa. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa ameshika sahani yake ya karatasi tangu kisu kilipogusa ghorofa ya juu. Tukamwambia asubiri. Nilipokwenda nyuma kuulizia, kijana wa chakula akanionyesha huku anacheka: ghorofa tatu za chini zilikuwa povu gumu, lile linalofungiwa televisheni, limepakwa sukari. Keki ya kuliwa ilikuwa zile mbili za juu, na ilikuwa imekwisha.

Nimeelezwa baadaye kwamba ni kawaida, mwenye shughuli anajua, amelipia hivyo, na picha zinatoka vizuri. Sawa. Lakini mimi ukinitajia keki, nafikiria kitu ambacho mtoto mwenye sahani atakipata.

Ndiyo maana upishi wangu huanza na daftari. Trei zangu ni za sentimita 30 kwa 40, nilikunjiwa na fundi bati wa Tanga, kingo zimepanda vidole vinne. Nikikata vipande vya sentimita tano kwa tano, trei moja inatoa safu sita kwa nane, yaani vipande 48. Trei mbili ni 96, hazitufikishi. Trei tatu ni 144. Kila mtu chake, wazee wanaongezwa, na kinabaki cha kumfungia jirani aliyetuazima masufuria. Sasa nipe keki ya duara unikatie watu 118. Mwenye kisu ndiye atakuwa mwenye keki: kipande cha shemeji kitatoka pana kama tofali, cha mtoto wa jirani kitasimama kwa shida. Trei inakatwa kwa rula. Ndiyo, natumia rula ya shule ya mwanangu, na naiosha kabla na baada. Wanaonicheka wote hula vipande vinavyolingana.

Kwa trei moja naweka unga wa ngano kilo moja, siagi nusu kilo, sukari nusu kilo, mayai 12, beking pauda vijiko vinne vya chai, maziwa kikombe kimoja na nusu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nikisema siagi ni ile margarini ya kopo, ambayo mitaani kwetu yote ni Blue Band hata kama kopo limeandikwa jina jingine. Mayai ya trei tatu yanakuwa 36, kwa hiyo nanunua trei moja ya mayai na mengine sita ya kuhesabiwa mkononi. Wauzaji hunitazama kama mtu asiyejua hesabu.

Harufu ndiyo siifanyii mzaha. Muheza ni mji wa machungwa. Msimu ukifika yanalundikwa kando ya barabara mpaka unahisi mabasi yanasimama kwa ajili yake. Keki ya Muheza kunukia vanila ya kichupa naiona kama utovu wa adabu. Nakwangua maganda, ile rangi ya juu tu, kwa sababu weupe wa chini yake ni mchungu na utaujua ukishachelewa. Iliki inatoka huko juu Amani, inakolimwa chini ya miti ya misitu ya Usambara, na naitwanga siku ile ile ninayopika. Iliki iliyosagwa miezi sita iliyopita ni vumbi lenye kumbukumbu.

Vipimo hivi sikuvitoa kitabuni. Mama mkubwa alikuwa na duka, na mizani yake ilikuwa ile ya sahani mbili. Akitaka kupika keki hakutafuta mawe ya kupimia. Alipanga mayai upande mmoja, upande wa pili akamwaga sukari mpaka mkono wa mizani ukalala sawa. Akaitoa sukari, akaweka siagi. Akaitoa siagi, akaweka unga. Mayai yakiwa makubwa keki inakuwa kubwa, yakiwa madogo inakuwa ndogo, lakini ladha haibadiliki. Keki yake ilikuwa tajiri kuliko yangu: kila kitu uzito mmoja. Yangu nimeiongezea unga, mara mbili ya siagi, kwa sababu yeye alikuwa akipikia watu kumi na mimi napikia kijiji. Bado nadhani angeila, ingawa angeuliza kwanza nani ameipunja.

Mwaka wa kwanza kukabidhiwa kazi hii niliharibu vibaya sana. Nilizidisha kila kitu mara tatu, nikamimina chote kwenye sufuria moja kubwa ya kupikia ubwabwa, nikaweka mkaa chini na juu, nikakaa kusubiri muujiza. Baada ya saa moja pembeni palikuwa makaa, katikati uji. Baada ya saa mbili pembeni palikuwa makaa zaidi, katikati uji mzito. Shangazi yangu akaja, akachungulia, akasema, "Mwanangu, hii tuipe jina gani?" Tukala mandazi ya kununua.

Kosa halikuwa kwenye kuzidisha. Joto linaingia kwenye keki kutoka nje, polepole sana, na kadiri keki inavyokuwa nene ndivyo katikati panavyochelewa huku kingo zinateketea. Kwa hiyo unazidisha upana, huzidishi kina. Trei ya vidole vinne naijaza mchanganyiko wa vidole viwili na nusu hivi, unapanda, unaiva katikati wakati pembeni bado pana rangi ya kupendeza. Keki bapa haikubuniwa na mtu mvivu wa mapambo. Watu wakiwa wengi, ni umbo ambalo moto wenyewe unalikubali.

Na moto wangu ni wa mkaa. Ninayo oveni ya gesi, ndogo, trei zangu haziingii, na hata zingeingia ningefikiria mara mbili. Naazima oveni ya bati ya mkaa, sanduku lenye makaa chini na kwenye mfuniko. Chini naweka machache, juu naweka mengi. Wanaojifunza hufanya kinyume, na keki inaungua tako huku uso umepauka. Joto la chini linapanda lenyewe. La juu lazima ulisaidie kwa wingi wa makaa.

Hili la kupalia makaa halikuja na keki. Mkate wa sinia na mkate wa mayai vilikuwa vikipikwa hivyo hivyo pwani, moto juu moto chini, na hakuna aliyeviita vya kizungu. Keki ilipofika ilikuta jiko limeshawashwa. Mgeni ni ile beking pauda: aliitengeneza Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, mwaka 1843, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Na margarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869, Napoleon III alipotaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi kwa ajili ya jeshi na watu wa kipato kidogo. Mume anayemhurumia mkewe, na mfalme anayebana matumizi. Ukinionyesha ukoo wa Kitanzania usio na watu wa aina hizo mbili, nitaacha kupika.

Kazi yenyewe huanza usiku wa kuamkia Idd, na hapo ndipo ninapotaka watu. Siagi na sukari vinasagwa kwa mwiko mpaka viwe vyeupe, na weupe huo haupatikani kwa dakika tano. Wapwa wananiambia kuna mashine. Najua ipo. Lakini bakuli la kilo moja na nusu za sukari linahitaji mikono minne ya kupokezana, na mikono minne inakuja na midomo minne. Nimejua habari za ndoa, kesi za mashamba na mimba mbili kwenye bakuli hilo, kabla wazazi wa wahusika hawajajua. Mayai yanapigwa pembeni kwa mchapo na yanaingia kidogo kidogo, ukimwaga yote mara moja siagi inakatika kama maziwa yaliyoganda. Kusaga huku ndiko kunakoumua keki: kunaingiza hewa, na beking pauda kazi yake ni kuivimbisha hewa iliyokwisha kuwamo. Anayesaga kivivu akaongeza kijiko cha beking pauda cha kufidia atapata keki yenye mashimo na ladha ya sabuni.

Unga na beking pauda nauingiza kwa kila trei zamu yake ikifika, kwa sababu oveni inachukua trei moja na mchanganyiko uliokaa unachoka. Kila trei inakula dakika arobaini hivi. Kupima natumia kijiti cha chelewa kilichochomolewa kwenye ufagio mpya. Kikitoka kikavu, imeiva. Ufagio mpya, nasisitiza. Kwa trei ya tatu huwa ni saa nane usiku na waliobaki ni mimi na binamu yangu mmoja asiyelala, tunakunywa chai ya rangi na kupunguza makaa kwa koleo.

Halafu keki inafunikwa kwa kitambaa na haiguswi. Hili nalo watu wa keki za mapambo hawawezi kunijibu: keki yangu kesho yake ni nzuri kuliko leo. Iliki inaenea, kingo zinalainika, na haina krimu ya kuyeyuka kwenye veranda ya bati.

Mpwa wangu mmoja, mpishi mzuri kabisa, ananiambia, "Mama mdogo, lakini inafanana na mkate." Inafanana, ndiyo. Akanishauri angalau tupake rangi, tuandike "Idd Mubarak". Nikamwuliza, tukiandika juu ya trei tatu na kukata vipande 144, nani atapewa kipande chenye herufi ya "k" peke yake? Akacheka, akanyamaza. Yeye anaishi kwa keki za ghorofa, zinalipa kodi yake ya nyumba na ada za shule, na ningekuwa mjinga kumwambia aache. Shughuli ya picha ipigiwe picha. Ila hata yeye saa kumi ikifika namwona anazunguka karibu na trei zangu.

Anatafuta pembe. Hapa nikiri kwamba usawa wangu wa rula una doa. Pembe za trei zina ukoko pande mbili, zimekauka kidogo, sukari imeungulia pale mpaka ikawa kama tofi, na hakuna mtu kwenye ukoo wetu asiyezitaka. Kila trei ina pembe nne. Pembe 12, watu 118. Nimejaribu kura, nimejaribu kuwapa wazee kwanza, lakini wazee wenyewe hawana meno ya ukoko na bado wanazichukua, wanawafichia wajukuu kwenye khanga. Mwaka jana pembe mbili zilipotea kabla kitambaa hakijafunuliwa, na binamu yangu asiyelala anaapa kwamba ni panya.

Mwaka huu tumeshapata watoto wachanga watatu na wakwe wapya wawili, tunafika 123. Trei tatu bado zinatosha. Nimemwambia fundi bati anikunjie ya nne, nyembamba na ndefu, nione kama nitapata pembe zaidi, naye kanijibu kwa upole kabisa: "Mama, ikunje unavyotaka, pembe zitakuwa nne tu."