Nyama ya Ng

Jamani, hii programu ya risiti itanizeesha kabla ya siku zangu.

Iko kwenye kompyuta ya bucha moja hapa mtaani. Ni ya bure, mwenyewe yuko Ulaya, kaiandika vizuri tu, ila hajawahi kuuza nyama ya ng'ombe. Mwaka 2021 nilipoiweka, ikikutana na ritifaa, kile kikoma cha juu, inadhani maneno yameisha. Risiti inatoka: "Kilo 1 nyama ya ng". Wateja wanauliza, ng nini? Mama mmoja alirudisha kifurushi kizima, akasema hali kitu ambacho muuzaji mwenyewe kaona aibu kumalizia jina.

Nikashona kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu, mistari sita. Nikamtumia mwenye programu akiunganishe kwake, nami nipumzike. Akajibu kwa adabu kabisa: asante sana, nitaangalia wikendi. Wikendi ya Ulaya, ndugu zangu, mpaka leo haijafika.

Basi kila toleo jipya likitoka, nabeba viraka vyangu nashona upya. Vimefika vinne. Cha pili kinafuta senti, maana nani hapa kamrudishia mtu senti? Cha tatu kinabana maandishi yaenee kwenye karatasi ya milimita 58. Yeye anaijua ya 80 tu. Cha nne sijui ni cha nini. Nilikiandika usiku, na maelezo yake yote ni neno moja: USIONDOE. Halafu huku kwenye Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, kifaa cha kupangia viraka kinaitwa Quilt, yaani lile shuka la kuungaunga vipande vya vitambaa. Mke wangu akinisikia nalalamika viraka vimegoma, ananiambia si ununue suruali mpya.

Juzi likatoka toleo la kuziba tundu la usalama. Hapo hakuna kukwepa. Kiraka cha kwanza kikaingia, kimesogea mistari 12. Cha pili kikaingia. Cha tatu: FAILED, na faili la .rej, lenye vipande vilivyokataliwa, limeachwa pembeni kama begi la mgeni aliyefukuzwa. Kumbe jamaa kahamishia mambo ya karatasi folda nyingine, eti anapanga nyumba! Nikakaa nacho mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikapeleka buchani. Risiti ya kwanza: "nyama ya ng''ombe". Ritifaa mbili. Mwenye bucha akaigeuzageuza: "Fundi, huyu kazaa?"

Nikachimba. Kuna mtu kapeleka dawa ya ugonjwa uleule, kisa majina ya Kiayalandi kama O'Brien. Ikaunganishwa ndani ya wiki moja. Ng'ombe wangu yuko foleni tangu 2021, O'Brien kapita mlango wa mbele! Sasa dawa yake na yangu zinafanya kazi kwa pamoja, kila moja inaongeza kikoma chake.

Nikaking'oa changu. Na kwa hasira nikang'oa na kile cha nne, nimechoka kutunza siri za watu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi. Risiti ikatoka safi kabisa. Droo ya pesa ikagoma kufunguka. Saa kumi na mbili jioni, foleni imefika barabarani, mwenye bucha anaichokonoa kwa kisu cha kuchunia, na mimi namshikia tochi ya simu.

Nimekirudisha. Maelezo sasa yanasema: USIONDOE, NI DROO.