Rangi tisa kwa paisa 25

Nina stempu moja ya India ya mwaka 1975, yenye picha ya ndege aitwaye pitta, ambayo siiuzi, ingawa hakuna mnunuzi wa maana aliyewahi kuitaka. Ilitoka katika seti ya ndege wanne. Monal wa Himalaya, anayeng'aa kama shaba iliyosuguliwa, alipewa rupia 2. Tragopani akapata rupia 1, na yule ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi paisa 50. Pitta akaangukia chini kabisa: paisa 25. (Ndiyo, paisa hiyo hiyo iliyotuzalia neno pesa.)

Mimi nasema hapo ndipo watoaji wa stempu walipolenga sawasawa. Monal na tragopani ni ndege wa milima ya juu. Wahindi wengi watazeeka bila kuwaona. Pitta huzaliana kuanzia vilima vya chini vya Himalaya hadi India ya kati, na baridi ikikaribia hushuka kusini mpaka Sri Lanka. Njiani wengine huchoka, wakaokotwa kwenye bustani za watu mijini. Basi nani anafaa zaidi kubandikwa kwenye barua?

Kwa Kihindi anaitwa navrang, rangi tisa. Mgongo kijani, bega la buluu, kifua cha rangi ya mchanga, koo jeupe, utepe mweusi machoni, na wekundu chini ya mkia. Nimehesabu mara nyingi na lenzi mkononi. Tisa sijafika, nikijipendelea nafika saba.

Kwa rangi zote hizo ungedhani ni mtu wa kujionyesha. Hata. Hushinda chini, akipekua majani makavu kutafuta wadudu, na kimkia chake kifupi kama kilichokatwa na mkasi. Watu humsikia kabla ya kumwona, mluzi wa sauti mbili alfajiri na magharibi. Watamil humwita ndege wa saa sita, nasi kwa saa zetu tungesema wa saa kumi na mbili. Wasinhala nao husimulia kwamba tausi aliazima manyoya ya fahari ya pitta, hakuyarudisha mpaka leo. Na tausi ndiye ndege wa taifa la India!

Stempu yangu imegongwa muhuri tumboni, ule wekundu hauonekani. Rafiki yangu mkusanyaji kila mara hunihimiza nitafute safi, isiyotumika. Ya nini? Hii imesafiri.