Ndimu iache jikoni, uso wako sio samaki

Nianze na kukiri kwanza. Mwaka juzi nilikua na madoa ya chunusi hapa mashavuni, nikaona video dada mmoja anachanganya ndimu, manjano na sukari, uso wake unang'aa kama sufuria mpya, nikasema kumbe dawa ninayo jikoni siku zote nahangaika bure. Nikapaka, nikasugua, ikaniwasha, nikajipa moyo kwamba ndo inafanya kazi, nikanawa fasta fasta nikatoka zangu, jua la saa saba, kituoni daladala hazisimami. Usiku uso unawaka kama nimemwagiwa pilipili. Zikatoka alama nyekundu zenye michirizi, baadae zikageuka kahawia zikakaa miezi. Yani nilienda kutoa madoa matano nikarudi na kumi na mbili, na foronya yangu mpaka leo ina rangi ya pilau.

Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba maji ya ndimu yana vitu ambavyo vikipigwa na jua vikiwa juu ya ngozi vinaunguza. Hata ukikamua ndimu nyingi ukakaa juani hujanawa mikono inaweza kukubabua. Sasa sisi tunaipaka usoni!

Shida yangu mimi ni hili neno asili. Mtu akishasikia cha asili basi anapaka bila kuuliza. Jamani, upupu nao ni wa asili. Magadi soda watu wanasugulia uso, sabuni ya mche ile ya kufulia watu wanaogea mpaka usoni, afu wanashangaa ngozi inakakamaa. Ngozi yenyewe ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi unapungua) iko kwenye 5 hivi, sabuni ya kawaida inafika 9 mpaka 10, kwaio kila ukinawa unaivua kinga yake, nayo ikikauka inawasha, wewe unaona uchafu unaongeza kusugua.

Mi sikuhizi asubuhi nanawa maji tu. Kweli, maji matupu, na uso haujanifia. Jioni nikitoka mjini na vumbi langu nachukua asali kijiko kidogo cha chai, naipaka usoni ukiwa umelowa, nazungusha taratibu na vidole, nasuuza. Haitoi povu, mwanzoni utahisi hujanawa, utazoea. Kama nilipaka poda natanguliza sabuni laini isiyo na marashi, maana asali haitoi meikapu, tusidanganyane.

Afu alovera. Hapa ndo wengi wanakosea, wanakata jani wanapasua wanapaka palepale. Ukikata jani kuna maji ya njano yanatoka, machungu hayo hatari, ndo yanayowasha watu. Lisimamishe jani kwenye kikombe, upande uliokata ukae chini, subiri kama robo saa yachuruzike, ndo umenye uchukue ule ute mweupe wa ndani. Paka kidogo nyuma ya sikio kwanza ulale nayo. Na usitengeneze kopo zima la mwezi mzima, haina dawa ya kuizuia isioze, hata kwenye friji mi zikifika siku nne tano namwaga.

Mafuta ya nazi nayapenda, nywele miguu mikono, poa kabisa. Usoni inategemea. Kama ngozi yako kavu paka kiduchu usiku. Kama una mafuta na chunusi kama mimi achana nayo, yanaziba vitundu, ute wa alovera na losheni nyepesi vinatosha. Na chochote kipya jaribu kimoja kimoja, ukipe kama mwezi hivi, ngozi inahitaji muda huo kujibadilisha. Sio leo manjano kesho papai keshokutwa unalia.

Kitu ambacho hakina mbadala jikoni ni kinga ya jua. Hakuna mafuta ya kupika yatakayokukinga na jua. Nunua sanskrini, ukiwa huna hela shika mwamvuli, jitande mtandio. Madoa bila kujikinga na jua ni kudeki mvua inanyesha.

Na vile vikopo visivyo na lebo, unaambiwa ni mitishamba, siku tatu umetakata? Huo ni mkorogo umevaa baibui. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania na sababu ipo, zebaki inaingia mwilini inaharibu figo. Mmea gani unakung'arisha kwa siku tatu?

Bibi yangu wa Unguja alikua na liwa tu. Anachukua kipande cha mti wake, anakisugua kwenye jiwe na matone ya maji ya waridi, taratiiibu, mpaka inatoka rojo kama uji wa mtoto, anapaka usoni mchana wa joto anakaa nayo kibarazani anachambua mchele. Mara moja kwa wiki, akikosa muda haijalishi. Siku nyingine zote maji ya mtungi na kanga kichwani, na akimuona mjukuu anajisugua uso na dodoki anamuuliza "we unaosha uso au sufuria?"

Lile jiwe ninalo mimi sasa, limechimbika katikati kama kisahani. Dada yangu anadai ni lake, tumelizungumza idi mbili mfululizo, sitoi.