Mteja Hahitaji Kung'arishwa kwa Kompyuta, Anahitaji Mwanga

Nyanya mmoja wa Nyalenda alishika picha ya mahafali ya mjukuu wake, akaisogeza karibu na macho, kisha akaniuliza, “Kijana wangu, huyu ni nani?” Nilikuwa nimeipiga saa saba mchana ufuoni Dunga. Macho ya binti yalikuwa mashimo meusi chini ya kofia ya mahafali, nami nikayatibu kwenye kompyuta: nikapandisha mwanga mpaka ile ngozi yake nyeusi, yenye kung'aa, ikageuka rangi ya majivu. Nyanya hakukosea. Yule hakuwa mjukuu wake.

Wapiga picha wengi hapa Kisumu tunadunduliza pesa za lenzi mpya, ilhali kinachotusumbua ni mwanga. Tuko jirani kabisa na ikweta. Mchana jua linasimama utosini, na kivuli cha paji la uso kinaangukia palepale tunapotaka kupaona. Kamera nayo haijui ngozi. Inakadiria wastani wa kila inachokiona, hivyo ikikutana na gauni jeupe au maji yanayometameta, inapunguza mwanga na uso unazama. Jambo hili lina historia: kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha picha kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, na ngozi kama zetu hazikufikiriwa.

Kifaa cha kwanza ninachokitetea ni riflekta, ile ya mviringo inayokunjwa, ya kurudishia mwanga usoni. Ukiikosa, bandika manila nyeupe juu ya kadibodi ya boksi la friji. Mtoe mteja juani, msimamishe ukingoni mwa kivuli cha mti, uso ukielekea kwenye uwazi wa anga. Msaidizi ashike upande mweupe chini kidogo ya kifua, auinamishe polepole kuelekea usoni. Wewe tazama macho ya mteja, achana na skrini. Utaona nukta ya mwanga ikiingia kwenye mboni, na shavu likirudisha umbo lake. Mwambie msaidizi atulie hapo hapo. Upande wa rangi ya fedha sipendi kuutumia mchana. Mtu anakunja macho, na ngozi yenye mafuta inabaki na mabaka meupe. Angalia pia mnaposimama: nyasi mbichi zinarusha ukijani chini ya kidevu, na kuuondoa baadaye ni kazi ya kuchosha. Sakafu ya saruji ni afadhali.

Jioni ndipo flashi moja na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga wake vinapolipa. Kila mtu anataka jua la ziwani nyuma yake, na huku kwetu likishazama giza halisubiri, una dakika 20 hivi. Pima mwanga wa anga kwanza, shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) ikiwa 1/200 ya sekunde, uso ukiwa kivuli kitupu. Kisha washa flashi, pembeni na juu kidogo ya kichwa, kama mita moja na nusu kutoka kwa mteja. Mwanga ukipungua usikimbilie dukani kutafuta flashi kubwa, sogeza stendi. Ukiongeza umbali mara mbili, usoni inafika robo tu ya mwanga. Ukiupunguza kwa nusu, unapata mara nne. Kwa hesabu hiyo, flashi ya bei nafuu iliyo karibu inaishinda ya gharama iliyosimama mbali. Upepo wa ziwa ndio wa kuchunga. Ning'iniza mtungi wa maji wa lita 5 kwenye stendi, la sivyo mwavuli utaibeba flashi yako hadi majini.

Wapo wateja wanaokuja wakiomba wafanywe weupe kidogo, na wapo wenzetu wanaolitangaza hilo kama huduma. Linaniuma. Mtu analipa aonekane, halafu tunamfuta. Akiniomba hivyo simbishii. Nampiga picha na riflekta kwanza, kisha nampa kamera atazame mwenyewe. Bibi harusi mmoja aliikuza picha mpaka shavu lake likajaa skrini, akakaa nalo kimya, akanirudishia kamera. “Hii usiiguse,” akasema.