Busanda ikijitenga, ushuru unabaki na nani?

Mkazi wa Katoro mwenye shida na mkurugenzi wa halmashauri yake hufunga safari ya ajabu kidogo. Anapanda gari hadi Geita mjini, anazipita ofisi za halmashauri ambayo si yake, anatafuta gari jingine, ndipo anaelekea Nzera, upande wa ziwani. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Geita yako huko, matokeo ya agizo la mwaka 2019 kwamba halmashauri zilizokuwa zinakaa nje ya maeneo yao zihamie kwa wananchi wao. Kwa watu wa Nzera na Nkome ofisi imesogea. Kwa watu wa Busanda, upande wa wilaya wenye Katoro, Rwamgasa na Nyarugusu, imekimbia.

Haishangazi basi kwamba ombi la Busanda kupewa halmashauri yake halifi. Limefika hadi bungeni, na uchaguzi ukikaribia hupandishwa tena jukwaani. Njia ya ombi la namna hii ni ndefu: mikutano mikuu ya vijiji, kamati za maendeleo za kata, baraza la madiwani, kamati za ushauri za wilaya na mkoa, kisha TAMISEMI na hatimaye Ikulu. Kila ngazi inataka muhtasari wa ngazi ya chini yake. Mahali penye mvutano wa kweli ni baraza, kwa sababu humo wanakaa chumba kimoja wanaotaka kuondoka na wale watakaoachwa. Vyama havisaidii kutabiri kura. Madiwani wa chama kimoja hugawanyika kulingana na barabara inayokwenda kwao.

Wanaotaka kutoka huanza na umbali, na wana haki. Chukua kikundi cha akina mama wa Rwamgasa kinachoomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule ambao nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za wenye ulemavu. Maombi yanaanzia kwenye kata, lakini uamuzi uko makao makuu. Jina moja likikosewa kwenye fomu, mweka hazina wa kikundi anajikuta Nzera, kwa nauli ya kwenda na kurudi, na akimkosa afisa anayehusika, kwa gharama ya kulala pia.

Nyuma ya umbali, hata hivyo, ipo hesabu ambayo haisemwi sana vikaoni, nayo kwangu ndiyo hoja yao nzito zaidi. Serikali Kuu hugawa mambo mengi makubwa kwa kuhesabu halmashauri. Ilipoanza mwaka 2018 kujenga hospitali 67 kwenye halmashauri zisizokuwa nazo, nyingi zilipewa shilingi bilioni 1.5, ziwe na watu wengi au wachache. Sasa linganisha. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 2,977,608 katika halmashauri sita. Njombe, nayo ikiwa na halmashauri sita, ilikuwa na watu 889,946. Mgao wa aina hiyo ukipita, watu wengi wa Geita wanapanga foleni kama mtu mmoja. Diwani anayedai halmashauri mpya anaielewa foleni hiyo, hata kama kwenye kipaza sauti atazungumzia “kusogeza huduma”.

Na mfano wanao karibu. Nyang'hwale ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Geita hadi ilipopata wilaya yake, mkoa ulipoundwa mwaka 2012. Leo Kharumwa, makao makuu yake, ina ofisi za wilaya na hospitali. Ni vigumu kumwambia mtu wa Nyarugusu kwamba jambo lililowafaa majirani halitamfaa yeye.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Mwaka 2021 Serikali Kuu iliamua kubeba posho za mwezi za madiwani katika halmashauri zenye mapato madogo. Kati ya halmashauri 184 za Tanzania Bara, zilizobaki zikijilipia zilikuwa 16. Zile nyingine 168 zilikuwa na bendera, mwenyekiti na kamati za kudumu, lakini posho za madiwani wao zilihitaji mkono wa Hazina. Halmashauri mpya maana yake ni mkurugenzi mpya, wakuu wa idara na vitengo, magari, jengo la utawala na nyumba za watumishi, na yote hayo hutangulia kabla dawa haijafika kwenye zahanati. Serikali imekuwa ikijibu kwamba kwanza ikamilishe miundombinu ya maeneo iliyokwisha kuyaanzisha. Jibu hilo linawaudhi waombaji, ila mtu aliyeona mkurugenzi akifanyia kazi jengo la kuazima atalielewa.

Kisha kuna suala la nani anaondoka na nini. Katoro ni mji wa biashara. Mashine ya POS ikitoa risiti ya ushuru sokoni pale, fedha inaingia kwenye mfuko unaohudumia na kata za ziwani. Katoro ikiondoka, kata hizo zinabaki na zahanati zilezile na mfuko mwembamba. Halmashauri hii imeshaonja jambo hilo: Geita mjini ilipopata halmashauri yake, biashara za mjini zilikwenda nayo, na ushuru wa huduma wa mgodi wa dhahabu wa GGM, unaokatwa kwenye mauzo, ukawa wa kugawana. Diwani wa Nkome akipiga kura ya hapana, sioni choyo hapo. Anakumbuka.

Mwaka 2025 tume ya uchaguzi ilianzisha jimbo la Katoro kutoka Busanda. Wengine waliona mlango umefunguka. Mimi naona zaidi kwamba upande huo umepata mbunge wa pili wa kulidai jambo lilelile, kwani jimbo halina mkurugenzi wala bajeti ya hospitali.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati: Katoro tayari ni mamlaka ya mji mdogo, ina baraza lake la wenyeviti wa vitongoji, basi iachiwe sehemu ya ushuru inaoukusanya, na maafisa wenye mamlaka ya kusaini wakae pale. Ni njia nafuu na haihitaji Ikulu. Udhaifu wake ni kwamba kinachotolewa na baraza moja kinaweza kufutwa na baraza linalofuata, na watu wa Rwamgasa na Nyarugusu watauliza kwa nini Katoro ipewe peke yake.

Nikilazimishwa kuchagua, naegemea upande wa kugawa, kwa sababu ya ile foleni. Lakini ningekuwa diwani nisingenyoosha mkono kabla ya kuwekewa mezani karatasi mbili. Ya kwanza ionyeshe makusanyo ya kila kata kwa miaka mitatu, ijulikane nani anamlisha nani. Ya pili iseme madeni ya wakandarasi na watumishi yatabebwa na nani, na fungu la fedha za mgodi lililokuwa la Nzera litagawanywa kwa idadi ya watu, kwa ukaribu na mgodi, au kwa kipimo gani. Kuyajadili hayo baada ya tangazo kutoka kwenye Gazeti la Serikali ni kuchelewa, maana wakati huo mabaraza yatakuwa mawili na hakuna litakalokubali kupunguza chake.