Ukiona Duka Limejaa, Mhurumie Mwenyewe

Jamani, hivi nani aliwaambia watu kwamba Desemba mwenye duka anatajirika? Kila anayepita barabara kuu akachungulia na kuona watu wamebanana kwenye kaunta, anaondoka akiamini kwamba humo ndani pesa zinazolewa kwa koleo. Shemeji anapiga simu kusalimia, salamu ambazo Juni hazikuwepo. Mwenye fremu anakumbuka ghafla kwamba kodi haijapanda siku nyingi. Hata fundi aliyeitwa kukaza bawaba ya mlango anakutajia bei macho yakiwa kwenye foleni, si kwenye bawaba.

Mauzo yapo, hakuna anayekataa. Kinachosumbua ni faida, kwa sababu faida haitoki kwa mlango mkubwa ikaaga. Inachuruzika kwenye vitundu ambavyo mteja havioni, na vingine mteja mwenyewe ndiye anavitoboa.

Kitundu cha kwanza kinaitwa "bosi, punguza kidogo, ni sikukuu." Asilimia 10 tu, anasema, kama vile anaomba maji ya kunywa. Haya, tupige hesabu. Kitu umekinunua 80, unakiuza 100, faida yako 20. Ukipunguza asilimia 10 unauza 90, faida 10. Yeye kapunguziwa sehemu moja ya kumi, wewe umenyang'anywa nusu. Ili uipate faida ileile sharti uuze mara mbili, maana yake ubebe maboksi mara mbili na usikilize "mbona duka la kule ni rahisi" mara mbili. Hata yule anayebahatika kupata 30 kwenye kila 100, punguzo hilohilo linamdai auze nusu zaidi ya alivyokuwa akiuza, ndipo abaki palepale alipokuwa amesimama.

Na kuna wanaojiroga wenyewe. Wananunua 80, wanaongeza asilimia 25, wanapata bei ya 100. Halafu msimu ukifika wanatundika bango jekundu, "PUNGUZO ASILIMIA 25", wakidhani wanarudi kwenye bei ya kununulia. Wapi! Asilimia 25 ya 80 ni 20, lakini asilimia 25 ya 100 ni 25. Wanauza 75 kitu cha 80. Yaani wanamlipa mteja 5 ili awasaidie kuondoa mzigo, na mteja huyo bado anauliza kama mfuko ni bure. Ukilazimika kumpa mtu kitu, bora umwongezee kidude kilichokugharimu 4 na rafuni kinauzwa 8. Yeye atahesabu kapewa 8, wewe umetoa 4, na mtaachana mkiwa ndugu.

Mwizi naye ana hesabu yake. Akiondoka na kitu kimoja cha 100 ulichonunua 80, itabidi uuze vingine 4 vya aina hiyo bila faida hata senti, ili kurudisha 80 ya yule mmoja. Wala mwizi wa sikukuu hana sura ya mwizi. Ana koti kubwa, maswali mengi, na mwenzake upande wa pili wa duka anayeshughulika kuangusha vitu. Dawa yake si kumkodolea macho kila mtu. Msalimie kila anayeingia, umtazame usoni; mwenye nia mbaya hapendi kujua kwamba ameonekana, na mwenye nia njema atafurahi kusalimiwa. Rafu za katikati ya duka zisipite kimo cha bega. Vidogo vya bei kubwa vikae nyuma ya kaunta. Na ule mnara wa maboksi unaojengwa karibu na mlango eti unapendeza, ubomoe, maana unakaa katikati ya macho yako na mkono wa mtu.

Sasa tuje kwenye swali linaloweza kumfanya mwenye duka alie mbele za watu: "Na mnafungasha zawadi?"

Tunafungasha. Bure. Huku nyuma ya aliyeuliza wamesimama watu wanane, na boksi moja la kufungwa vizuri linakula dakika 5. Piga mwenyewe, mtu wa mwisho anasubiri dakika 40. Kwa hiyo meza ya kufungashia isiwe kaunta ya kulipia, iwe pembeni, yenye mkasi wake uliofungwa kwa kamba. Usipoufunga, mkasi utahamia nyumbani kwa mtu.

Karatasi ndiyo inayomaliza watu. Chukua boksi la sentimita 30 kwa 20, kimo 10. Kulizunguka unahitaji 20 na 10 na 20 na 10, jumla 60, uongeze 3 za kupandishana: 63. Upande wa pili ni urefu wa boksi, 30, ukiongeza kila ncha robo tatu ya kimo, yaani 7 na nusu huku na 7 na nusu kule: 45. Basi, 63 kwa 45. Ukizidisha kwenye ncha, karatasi inajikunja vinundu na zawadi inatoka na mashavu. Ukipunguza, kona inachungulia, na utaanza kubandika viraka.

Hapo bado kuna mtego. Roli la upana wa sentimita 70 na urefu wa mita 10 likikatwa ile 63 ikilala kwenye upana, unakata kila sentimita 45 na unapata karatasi 22. Kijana wa msimu akiligeuza, 45 kwenye upana na 63 kwenye urefu, anapata 15, na vipande vya upana wa 25 vinaenda kwenye pipa. Roli lilelile, maboksi 7 yamepotea, na hakuna mwizi wa kumkamata. Kata vipimo vya kadibodi kwa saizi tatu zinazotoka sana, viandike "upana huku" kwa kalamu nene, na karatasi zikatwe asubuhi kabla watu hawajajaa. Riboni ya boksi hilo ikipita pande zote mbili inakula sentimita 140, na fundo lenye maua linataka 60 nyingine. Mita 2. Roli la mita 25 ni maboksi 12, la kumi na tatu linafungwa na maneno matamu.

Kabla hujakunja chochote, ng'oa kibandiko cha bei. Na hakikisha kimelipiwa. Na muulize mteja, kwa sauti, mbele ya mashahidi, kama ameshakiangalia vya kutosha, kwa sababu ukishamaliza fundo ndipo atakumbuka alitaka cha bluu. Mpira, mwavuli na dubu wa manyoya usijaribu kuvifunga kwa karatasi. Tia kwenye mfuko, kaza riboni shingoni mwa mfuko, tabasamu.

Foleni ikifika mlangoni, ndipo karatasi ya risiti inaisha. Haijawahi kuisha saa tatu asubuhi duka likiwa na mtu mmoja. Na mashine ilionya: ule mstari wa pinki pembeni mwa risiti ni onyo kwamba roli linakata roho, si pambo la sikukuu. Unaweka roli jipya kwa pupa, mashine inaguna vizuri, inatoa karatasi nyeupe pe. Watu wanapiga mashine makofi. Mashine ni nzima! Karatasi hizo hazina wino, zinaungua kwa joto, na dawa iliyopakwa kwenye karatasi iko upande mmoja tu. Kwaruza kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio uelekee kwenye kichwa cha kuchapia. Sekunde 2. Na kwa kuwa zinachorwa na joto, joto hilohilo linaziharibu. Roli likikaa dirishani juani linapiga weusi, na risiti ikiachwa kwenye gari la mteja inaweza kufutika kabla hata ya mwaka mpya. Hili la kufutika tutalirudia, maana ndilo litakalokuvunja Januari.

Chenji. Mteja wa kwanza, mlango ndio kwanza umefunguliwa, ananunua kitu kidogo kuliko vyote dukani na anatoa noti kubwa kuliko zote duniani. Sikukuu benki zimefungwa, hivyo chenji ya siku 3 iwe ndani mapema, na kila asubuhi droo ianze na kiasi kilekile kilichohesabiwa na kuandikwa. Usipoandika, jioni utahesabu pesa yako mwenyewe ukidhani ni mauzo. Noti ya mteja usiitupie ndani. Ilaze juu ya droo mpaka apokee chenji, ili akisema "nilitoa mia mbili" muitazame pamoja, nyote wawili, kwa heshima. Hesabu kwa kupanda. Bei 63, katoa 100: weka 2, sema sitini na tano, weka 5, sabini, weka 10, themanini, weka 20, mia. Hapo hata mbishi anakosa pa kushika. Na akitokea mtu anayebadilisha mawazo katikati, mara anataka noti yake, mara anakupa nyingine ndogo, mara anaomba umvunjie hii, funga droo. Malizeni biashara moja, ndipo muanze ya pili. Haraka hiyo anayoileta ndiyo kazi yenyewe aliyokuja kufanya.

Anayelipa kwa simu atakuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Mpongeze kwa simu nzuri, halafu tazama yako. Ujumbe wake si pesa. Pesa ni ile iliyoingia kwenye salio lako.

Mapambo nayo! Mji mdogo una barabara moja ya maana, na usipowasha taa dirishani utasikia wewe ndiye unayeipa sura ya msiba. Taa za zamani za balbu ndogo zimeungwa kwa mfuatano, umeme upite hii ndipo ufike ile, kwa hiyo balbu moja ikichomoka kipande kizima kinalala, nawe juu ya ngazi unazigusa moja moja huku mtu chini anauliza kama mna betri. Waya wa ekstensheni wa kuviringisha uuvute wote utoke, hata kama unataka mita 2 tu. Ukiachwa umejiviringisha, joto linabanana humo ndani na plastiki inaanza kulainika. Na birika la chai lisichomekwe hapo. Peke yake linaweza kula wati 2000 na zaidi.

Betri mnazo, lakini? Midoli mingi imeandikwa kwa herufi za siafu kwamba betri hazimo. Weka AA na AAA karibu na droo, uulize kila anayelipa, na uwe na bisibisi ndogo ya nyota, maana kifuniko cha betri kina skrubu na baba hana bisibisi.

Kuhusu kuagiza mzigo, hesabu ni fupi. Ukiuza 6 kwa siku na mzigo unachukua siku 10 kufika, agiza zikibaki 60 na akiba juu yake, tuseme 20. Ukingoja zibaki 15, utakuwa unauza pole. Lakini usinunue kitu kilichochapishwa mwaka. Karatasi ya zawadi yenye mistari utaiuza hata Machi. Yenye mwaka imeshakufa, inasubiri stoo tu. Na dereva akileta maboksi saa ya foleni, eti "saini tu hapa bosi", mwambie asubiri. Hesabu maboksi, lililobonyea liandike kwenye hati yake kabla hajawasha gari. Ukishasaini umekubali, na huko ofisini kwao hakuna atakayekumbuka boksi lililobonyea.

Januari wanarudi. Huyu saizi haimtoshi, yule kapewa viwili vinavyofanana, na mwingine kaleta blenda yenye mabaki ya kazi nzito. Mkononi wana ile risiti, sasa nyeupe kabisa, na wanaapa iliandikwa. Ndiyo maana namba ya risiti na tarehe viandikwe kwa kalamu nyuma ya karatasi siku ileile ya mauzo. Wino wa kalamu haufutiki upesi hivyo. Masharti yabandike ukutani karibu na droo kwa herufi kubwa: siku ngapi, kiwe na boksi lake, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na nguo za ndani hazirudi kwa namna yoyote. Hawatayasoma. Lakini angalau utakuwa na kitu cha kunyooshea kidole.