Si Kila Chemli Ni ya Mjerumani

Ingia duka la vitu vya kale Mji Mkongwe au Bagamoyo, ulizia chemli iliyoning'inizwa pembeni, na mara nyingi jibu ni lile lile: "Hii ya enzi za Mjerumani." Bei inapanda hapo hapo. Mnunuzi anaondoka nayo kwa furaha, akifika nyumbani anaipiga msasa mpaka ing'ae. Jambo hili linaniuma, maana msasa huo unafuta ushahidi ambao ungemwambia taa ni ya lini.

Chemli ina maandishi yake. Yamegongwa kwenye bati: kwenye kofia ya juu, kwenye tangi la mafuta, au kwenye yale mabomba mawili ya pembeni, ila masizi na kutu vimeyaziba. Kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha kuyafunua. Kisha iweke karibu na dirisha, mwanga uipige kwa ubavu, na mikwaruzo uliyokuwa huielewi itaanza kusomeka.

Nyingi zina alama ya mkono wenye moto. Hiyo ni Feuerhand, kampuni iliyoanzia Saxony mwaka 1902. Kwa hesabu ya mwaka huo peke yake, muuzaji anaweza kujitetea. Lakini endelea kusoma. Ukikuta "W. Germany", madai yake yamekwisha: Ujerumani Magharibi ilizaliwa mwaka 1949, na Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Ukikuta namba 276, basi tulia kabisa kabla ya kutoa pesa, kwa sababu chemli za namba hiyo zinatengenezwa mpaka leo.

Dietz nayo utaikuta. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1840, kwa hiyo jina lake kwenye bati linasikika la kale sana. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 ilianza kutengenezea taa Hong Kong, na zilizotoka huko zimeandikwa hivyo.

Kioo usikiamini. Ndicho kinachovunjika kwanza, na watu walinunua kilichopatikana dukani, mradi kinaingia. Taa moja inaweza kuwa na kioo cha Mjerumani, tangi la Mmarekani na mpini wa waya uliokunjwa na fundi wa mtaani.

Taa za reli zina habari yake. Herufi EAR&H ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, kwa hiyo herufi hizo hazikugongwa kabla ya hapo, hata kama aliyekuuzia ameapa.

Ninachokipinga zaidi ni ile dhana kwamba taa isiyo ya Mjerumani haina thamani. Niliwahi kuonyeshwa chemli ya "W. Germany" iliyokwaruzwa herufi mbili kwa msumari chini ya tangi, jina la mwenyewe, ili isipotee ikiazimwa msibani. Pembeni palikuwa na lehemu nene, mahali palipovuja pakazibwa, pakavuja tena pakazibwa tena. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, wa kubuni. Ni taa ya watu wetu: imezalisha wanawake usiku, imesomesha watoto, imekesha kwenye maulidi na ngoma, na bado kuna wazee wanaokumbuka nani aliinunua na baada ya kuuza mazao gani.

Wazee hao wanaondoka. Kama ya kwenu iko stoo, muulize bibi wiki hii, uandike anachosema kwenye karatasi, ukaifunge kwenye mpini. Na ninyi wenye maduka, mkinunua taa kwa mtu kijijini, andikeni jina la kijiji hicho. Mteja anayependa vitu vya kale kwa dhati atalipia habari hiyo, tena bila kuvutana sana kwenye bei.